Nani Aliwekwa Jaladani: Kumbukumbu ya Majarida ya Muziki ya Marekani

Jarida la muziki linalowalenga vijana hufanya kazi mbili kwa pamoja, kwani humpa msomaji habari za wanamuziki na papo hapo humfundisha, bila kumwambia, nani anastahili kuitwa msanii na nani abaki kuwa shabiki. Kazi hiyo ya pili huitwa uwakilishaji, yaani namna ambavyo picha, vichwa vya habari na uteuzi wa watu wa kuhojiwa hujenga sura ya kundi fulani la watu akilini mwa wasomaji. Katika majarida ya Marekani, ambayo yalisomwa mbali sana na yalikochapishwa, sura ya mwanamke, sura ya mtu mweusi na sura ya mtoto zilibadilika kila moja kwa mwendo wake. Ile ya tatu, inayohusu umri, ndiyo iliyochelewa zaidi kutazamwa, na kuchelewa huko kuliwaumiza watu.

Jarida la Rolling Stone lilianzishwa San Francisco na Jann Wenner pamoja na Ralph J. Gleason, na toleo lake la kwanza, la tarehe 9 Novemba 1967, lilikuwa na picha ya John Lennon. Toleo la pili lilimweka Tina Turner jaladani, jambo linalostahili kukumbukwa kwa sababu linaonyesha kwamba nafasi ilikuwepo tangu mwanzo kwa mwanamke na kwa mtu mweusi, ila haikudumishwa. Kufikia Februari 1969 jarida hilohilo lilitoa toleo maalumu kuhusu wasichana waliowafuata wanamuziki wa roki kutoka jukwaa hadi jukwaa na hoteli hadi hoteli, wakapigwa picha za kuvutia na kuelezwa kwa kirefu. Msomaji wa kike aliyelifungua toleo hilo alijifunza kwamba njia ya kuingia katika kurasa za muziki ilikuwa kumfuata mpigaji wa gita, wala si kulishika gita mwenyewe.

Kwa upande wa wasomaji wadogo zaidi kulikuwa na 16, jarida la New York lililohaririwa kwa miaka mingi na Gloria Stavers, ambalo liliwauzia wasichana sura za wavulana wapole wenye tabasamu, karibu wote wakiwa weupe. Pengo hilo lilionekana hata na wafanyabiashara. Mwaka 1971 kampuni ya Charles Laufer, iliyokuwa ikichapisha Tiger Beat, ilianzisha Right On! kwa ajili ya vijana weusi, na jarida hilo likapata nguvu kutokana na umaarufu wa kundi la ndugu la Jackson 5. Kwa mara ya kwanza msichana mweusi wa Marekani aliweza kununua jarida zima lililojaa mabango, yaani zile picha kubwa za kubandika ukutani, ambazo wavulana wake walifanana na kaka na majirani zake. Huo ulikuwa ushindi wa kweli, ingawa ulipatikana kwa kutenganisha rafu, kwa maana vijana weupe waliendelea na majarida yao bila kulazimika kutazama upande wa pili.

Mwaka huohuo wa 1971, mwezi wa Aprili, Rolling Stone ilimweka Michael Jackson jaladani na kumtaja kuwa mtoto wa miaka 11, ilhali alikuwa na miaka 12, kwa sababu kampuni yake ya rekodi, Motown, ilikuwa imempunguzia umri ili kipaji chake kionekane muujiza mkubwa zaidi. Tofauti ya mwaka mmoja yaweza kuonekana ndogo, lakini inafichua mazoea ya biashara nzima: umri wa msanii mdogo ulikuwa kitu cha kupunguzwa au kuongezwa kadiri ya haja ya soko, na mwandishi wa habari aliupokea kama alivyopewa.

Mwandishi wa kumbukumbu hii ni wa rika la vijana wa Dar es Salaam walioyajua majarida hayo katika miaka ya 1990, wakati rap ya Kiswahili ilipokuwa bado inajitafutia nafasi redioni, na nakala zilizoletwa na ndugu waliotoka ng'ambo zilipita mikono mingi hadi zikachakaa. Lililotafutwa kuliko yote lilikuwa Vibe, jarida lililoasisiwa na Quincy Jones kwa ushirikiano na kampuni ya Time Warner, ambalo lilianza kutoka kwa mfululizo mwezi Septemba 1993. Humo hip hop na R&B zilipigwa picha kwa heshima ambayo hapo awali ilikuwa ya roki. Toleo la Novemba 1994 liliwaonyesha wasichana watatu wa kundi la TLC wakiwa wamevaa mavazi ya zimamoto, miezi michache baada ya mmoja wao, Lisa Lopes, kuichoma moto nyumba ya mpenzi wake, na picha hiyo iliwafanya waonekane wenye habari yao wenyewe, wasioomba radhi kwa mtu. Kinyume chake, mwaka huohuo jarida la Q la Uingereza liliwakusanya PJ Harvey, Björk na Tori Amos katika jalada moja na kulipamba kwa maneno yanayotaja viungo vya miili yao.

Hata hivyo, ni Vibe hilohilo lililochapisha, katika toleo la mwisho wa 1994, nakala ya cheti cha ndoa cha waimbaji R. Kelly na Aaliyah. Cheti kilisema bibi harusi ana miaka 18. Alikuwa na miaka 15, na bwana harusi alikuwa na 27. Albamu ya kwanza ya binti huyo, iliyosimamiwa na Kelly mwenyewe, ilikuwa imetoka miezi michache kabla ikiwa na jina linalodai kwamba umri ni namba tu. Ushahidi, basi, uliwekwa mikononi mwa wasomaji, na wasomaji hao wengi wao walikuwa watoto wa rika la Aaliyah, lakini habari hiyo ilisomwa kama umbea wa mastaa. Kelly aliendelea kuhojiwa na kusifiwa kwa miaka mingi, hadi mahakama ya Brooklyn ilipomtia hatiani Septemba 2021 na kumhukumu kifungo cha miaka 30 mwezi Juni 2022. Miongoni mwa mambo yaliyothibitishwa humo ni rushwa iliyotolewa ili Aaliyah apatiwe kitambulisho cha uongo. Mvulana wa 1971 alipunguziwa umri ili ashangaze. Msichana wa 1994 aliongezewa umri ili dhuluma aliyofanyiwa isionekane. Hapo jinsia na umri haviwezi kuchambuliwa kila kimoja peke yake, na wahakiki waliohesabu wanawake wangapi wako jaladani, bila kuuliza wana miaka mingapi na nani amewaleta, waliacha nusu ya kazi.

Mabadiliko ya kudumu yalitoka katika meza ya uhariri. Danyel Smith alipokuwa mhariri mkuu wa Vibe mwaka 1997, alikuwa mwanamke wa kwanza na mtu mweusi wa kwanza kushika cheo hicho, katika jarida ambalo muziki wake ulikuwa wa watu weusi tangu toleo la kwanza. Rolling Stone nayo ilitoa ushahidi wa aina hiyohiyo, ingawa kwa kuchelewa sana. Katika orodha yake ya albamu bora 500 ya mwaka 2003, na tena ya 2012, nafasi ya kwanza ilikuwa ya Beatles. Orodha ilipopigiwa kura upya mwaka 2020 na kundi pana zaidi la wasanii na wahakiki, nafasi hiyo ilikwenda kwa Marvin Gaye. Mwaka 2021 wimbo wa Aretha Franklin, Respect, ukawekwa juu ya nyimbo zote. Aretha aliutoa mwaka 1967. Hakuna noti iliyobadilika katika rekodi hizo. Waliobadilika ni wapiga kura.

Kwamba mtazamo wa zamani haukufa kulidhihirika Septemba 2023, Wenner alipotoa kitabu cha mahojiano na wanamuziki saba, wote wanaume weupe, kisha akaliambia gazeti la New York Times kwamba wanawake na watu weusi hawakuweza kujieleza kwa kiwango alichokihitaji. Alitolewa katika bodi ya taasisi ya Rock and Roll Hall of Fame, ambayo yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake.

Vibe lilisimamisha uchapishaji mwezi Juni 2009, lakini matoleo yake mengi yanasomeka bure katika Google Books. Kijana anayeandika habari za muziki leo, awe Nairobi, Bukavu au Dar es Salaam, ayafungue ajisomee, na kila atakapompigia picha msanii chipukizi, aulize kwanza ana miaka mingapi, kisha amwulize msanii mwenyewe, si meneja wake.