Gari-nyumba la mdogo wangu

Kindu, Jumapili 3 Machi 2024

Mdogo wangu kapiga simu kutoka Salt Lake City. Mwezi wa tano anataka kukodi gari-nyumba, lile lenye vitanda, jiko na choo ndani, awatembeze mke na watoto milimani na jangwani. Halafu akasema: "Yaya, weye ndiye ulifundisha jiografia. Utupangie." Mtu anaendesha lori katika nchi hiyo hiyo, amepita mji wa Green River usiku na mchana na mizigo ya wengine, na hajapata kukunja usukani kwenda kutazama kitu. Nilikubali kabla hajamaliza.

Mimi siendi. Pensheni ya mwalimu inajulikana.

10 Machi

Usiku huu kwao wamesogeza saa mbele, kwa hiyo sasa tunapishana saa nane badala ya tisa. Nilipofuatilia jambo hilo nikakuta fumbo. Jimbo la Arizona halisogezi saa, lakini ardhi ya Wanavajo iliyo ndani ya Arizona inasogeza. Maana yake, akitoka Utah kuingia Monument Valley saa yake haibadiliki, akifika mji wa Page inarudi nyuma, akirudi Utah inaenda mbele tena, na njiani hakuna wa kumwambia. Nimemwandikia kwa herufi kubwa. Simu yake itajirekebisha, anasema. Simu hizo hizo zinazopotea mtandao mlimani?

16 Machi, baada ya daku

Kwake sasa ni jioni, kwangu kuna kimya na mega za intaneti ni za bei nafuu saa hizi. Ametuma orodha yake: Arches, Monument Valley, Grand Canyon, Bryce, Zion, Las Vegas, Yellowstone. Yote kwa siku tisa! Yellowstone iko kaskazini, upande mwingine kabisa, na katikati ya mwezi wa tano bado kuna theluji. Nimeifuta. Las Vegas nimeifuta pia, bila maelezo.

Ugomvi wetu ni wa kipimo. Mimi barabara naihesabu kwa kulala. Kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto wetu Lualaba, hadi Kasongo ni kilomita zaidi ya 200, na masika kama haya hakuna dereva atakayekuahidi siku ya kufika. Yeye Salt Lake City hadi Moab, mji wa jirani na Arches, kilomita kama 375, anaiita saa nne. Ana haki, njia yao ni lami tupu. Lakini saa nne za dereva wa lori si saa nne za watoto watatu na sufuria zinazogongana kabatini. Tumepatana: hakuna siku ya kuendesha zaidi ya saa nne, na penye kitu cha kutazama walale usiku mbili au tatu.

Mwaka huu wa 2024 Arches wanataka tiketi ya muda, inayokatwa mapema, kwa anayeingia kati ya saa moja asubuhi na saa kumi jioni. Tiketi za mwezi wa tano zilianza kutolewa tangu mwezi wa pili. Dawa ni rahisi: wasali alfajiri, wawe getini kabla ya saa moja. Mlango uko wazi, haombwi mtu tiketi hiyo.

24 Machi

Mvua imepiga mabati usiku kucha, nyuma ya nyumba pamekuwa bwawa. Hapa Kindu tunapata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Moab hazifiki 300. Leo nimeandika ukurasa wa maji, na ndio ukurasa ninaoujali kuliko yote.

Gari lina matangi matatu: la maji safi, la maji ya sabuni, la choo. Lile la maji safi katika gari wanalotaka lina lita kama 150. Watu watano. Wakioga kama wanavyooga nyumbani, tangi limekauka kabla ya usiku wa pili, na yale mengine mawili yamejaa. Hayamwagwi popote, kuna vituo vyake, na kati ya kituo na kituo kunaweza kuwa na safari ndefu. Kila mtu tena awe na lita nne za kunywa kwa siku, kwenye chupa, mbali na tangi.

Mdogo wangu alisikiliza hayo kwa sikio moja. Kwa hiyo nikamwomba shemeji. Shemeji amekulia Alunguli. Kindu tuna mto mzima mbele ya macho na bado watoto wa kike wanapanda kilima na bidoni ya lita 20 kichwani. Anajua bakuli moja linaosha nini na linabakiza nini. Nimemteua waziri wa maji. Alicheka, kisha akauliza swali ambalo mumewe hakuwaza: gari likikodiwa, tangi linakuja limejaa au tupu? Tumuulize mwenye gari.

2 Aprili

Nimesoma habari za Moab mpaka futari ikapoa.

Matao ya mawe ya Arches, zaidi ya 2,000, yamesimama juu ya chumvi. Miaka kama milioni 300 iliyopita palikuwa na bahari iliyokauka na kuacha chumvi nene. Mawe yakalala juu yake, chumvi ikasukumwa na uzito, ikateleza, mawe yakapasuka kuwa kuta nyembamba. Maji na barafu vikatoboa kuta. Wala havijamaliza kazi: mwaka 2008 tao moja kubwa, Wall Arch, lilianguka usiku, bila mtu chini yake. Ningekuwa na darasa leo ningeanza na hilo.

Lakini chini ya hayo mawe mazuri kuna jambo linalotuhusu sisi watu wa migodi. Mwaka 1952 Charlie Steen aligundua urani nyingi karibu na Moab, mji ukafurika. Kinu cha kusafishia kilijengwa kando ya mto Colorado, kikaacha rundo la mabaki la tani milioni 16. Mwaka 2009 walianza kulihamisha kwa treni, kilomita kama 50 kaskazini, liwe mbali na maji. Kwa Wanavajo ni vibaya zaidi: kati ya 1944 na 1986 ardhi yao ilichimbwa urani, na mashimo zaidi ya 500 yameachwa hivyo hivyo. Na sisi? Urani ya bomu la kwanza, sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe kwetu Katanga. Tani kama 1,200 zilikuwa zimeshafichwa New York tangu 1940.

Nimeandika kwenye mpango: kabla ya kupiga picha Monument Valley, mkubwa wa watoto, aliyezaliwa hapa Kindu, aelezwe hayo. Mdogo wangu kajibu, "Yaya, ni likizo." Najua ni likizo. Nimeacha mstari pale pale.

Mambo ya kawaida ya Monument Valley: ni mbuga ya Wanavajo wenyewe tangu 1958, kadi ya mbuga za taifa haifanyi kazi pale. Gari-nyumba haliruhusiwi kwenye ile njia ya vumbi ya kilomita 27. Wamlipe Mnavajo mwenye gari awazungushe. Atawaambia mengi kuliko mimi.

10 Aprili

Idi. Pilau, wajukuu, kelele. Hakuna Utah leo.

14 Aprili

Anasisitiza Grand Canyon, na katika hili siwezi kumkatalia. Nimemchagulia ukingo wa kaskazini: mwaka huu unafunguliwa 15 Mei, uko kando ya njia yao ya kwenda Zion, na watu ni wachache kuliko kusini. Ni mita karibu 2,500 juu, waende na mablanketi. Kwa ajili ya baridi hiyo hiyo nimekata Bryce. Mlima mmoja wa baridi unatosha familia iliyotoka Kindu, mita 500.

Shida yangu na Grand Canyon ni kwamba unasimama ukingoni na mto uko zaidi ya kilomita moja na nusu chini yako. Utauona kama uzi, au hutauona. Mimi nataka waushike. Kwa hiyo Lees Ferry. Kati ya magenge yote yale, hapo ni mojawapo ya sehemu chache ambapo gari linaweza kushuka hadi majini. Kulikuwa na kivuko tangu miaka ya 1870. Mwaka 1928 kilizama na watu watatu, na mwaka uliofuata daraja likafunguliwa karibu yake. Watu wao walivuka kwa kivuko kama sisi tunavyovuka Alunguli hadi leo, ila wao walisubiri daraja miaka hamsini na kitu. Sisi tunaendelea kuhesabu.

Mpelelezi Powell alipita hapo mwaka 1869 na mashua na watu wachache, mkono mmoja umekatika vitani. Miaka saba baadaye Stanley akaondoka Nyangwe, juu ya mto huu huu wetu, na Tippu Tip. Vitabu vinaandika kwamba wote wawili walipasua nchi isiyojulikana. Wapaiute wa kule waliijua. Wagenya wa huku pia.

Na mto Colorado siku hizi kwa kawaida haufiki baharini, umenyweshwa mashamba na miji. Lualaba ikikauka kabla ya kufika baharini, Banana, nani angeamini?

21 Aprili

Tuneli ya Zion, ya mwaka 1930, urefu kilomita 1.8. Ilichimbwa kwa ajili ya magari madogo ya wakati huo. Mwaka huu wa 2024 gari lenye kimo cha mita 3.45 au zaidi linalipa dola 15, walinzi wanazuia wanaotoka upande wa pili, nalo linapita katikati ambapo paa ni juu. Wapime gari kabla ya kuondoka, pamoja na mashine ya baridi iliyo juu ya paa. Nikaongeza habari ya kushuka milima kwa gia ndogo, breki zisiungue. Hapo alicheka sana. "Yaya, hiyo unanifundisha mimi?" Basi, nimefuta.

Mafuta: lita kama 24 kwa kilomita 100. Nimemwambia bei ya chupa kwa kadafi, muuza mafuta wa barabarani, hapa, akanyamaza.

28 Aprili

Mpango umekubaliwa kwa sehemu. Anataka Lees Ferry iwe usiku mmoja, ule wa pili auhamishie Las Vegas, eti watoto waone taa. Shemeji alichukua simu mkononi mwake. Lees Ferry usiku mbili. Las Vegas hapana. Na tangi, ameshauliza, linakuja tupu. Bomba la kujazia anunue mwenyewe, jipya, si lile la bustani.

Mega zikakatika alipoanza kuuliza sombe iliyogandishwa itakaa siku ngapi kwenye friji ya gesi. Kesho ninunue nyingine. Chakula bado hatujagusa.