Makabati bado, mtoto tayari

Familia nyingi mjini huhamia nyumba kabla haijaisha. Kodi ikikaribia kwisha na chumba cha watoto kikishakuwa na mlango na dirisha, watu hubeba magodoro wakaingia. Dari itakuja, rangi itakuja, na makabati ya jikoni yatakuja siku seremala atakapopokea simu.

Ndivyo alivyofanya mama mmoja wa Goba, Dar es Salaam, pamoja na mumewe, mama mkwe na watoto wawili, mdogo akiwa na miaka miwili na nusu. Jikoni kulikuwa na sinki lililowekwa juu ya matofali, marumaru chini, na kando ya ukuta mtupu, mashine ya kuoshea vyombo iliyotumwa na dada yake kutoka Uingereza ndani ya kontena.

Mashine hiyo haikuwa ya kuwaringia majirani. Mama huyo ana ukurutu wa mikono. Daktari alimweleza kwamba dawa ya kupaka haitamsaidia sana kama kila siku mikono inashinda kwenye maji na sabuni. Dada wa kazi alikuwa ameondoka, glavu zilimtoa jasho na kumwasha zaidi, na vidole vilipasuka hadi kutoa damu.

"Mwanangu, siku hizi mikono ni ya kutunzwa kabatini?" mama mkwe alimtania mwanzoni. Alipoziona zile nyufa alinyamaza, akavuta kigoda na kuanza kuosha vyombo mwenyewe, na mgongo wake ule wa uzee. Hilo lilimuumiza mkwewe kuliko ngozi.

Usiku mmoja akamwambia mumewe: "Baba watoto, hii mashine tunaifanya pambo mpaka lini? Iunganishe, makabati yatatukuta."

Mume akaunganisha maji, akaingiza mpira wa maji machafu kwenye sinki, umeme akavuta kwa ekstensheni. Glasi zilitoka zinang'aa. Nyumba ikawa na amani kwa wiki nzima.

Tatizo ni kwamba mashine ya aina hiyo haikutengenezwa kusimama peke yake. Hutegemea kaunta kwa juu na makabati ubavuni, na hukazwa hapo kwa skrubu. Bila hivyo, ukifungua mlango na kuvuta kapu la chini likiwa limejaa sahani, uzito wote huhamia mbele.

Jioni moja mama alikuwa anatoa vyombo. Mtoto akaja kusaidia, akapanda juu ya ule mlango uliolala kama ngazi. Mashine nzima ikainama. Mama aliizuia kwa bega, sahani zikamwagika, mtoto akaanguka kwa makalio. Kisu kilitua kwenye marumaru, pembeni kidogo ya mguu wake. Hakuna aliyeumia, lakini usiku ule mama hakulala.

Baba alitaka mashine ifungwe kwenye boksi lake. Mama hakutaka kumrudisha mkwewe kwenye kigoda. Aliyeamua ni bibi, yule yule aliyeicheka. "Ng'ombe akikosa zizi hachinjwi," alisema. "Mjengeeni zizi."

Zizi lilichukua siku moja. Fundi alisimamisha mbao mbili nene, moja kila upande, akazifunga ukutani na sakafuni, kisha akaweka ubao juu. Mashine ikasukumwa katikati, miguu yake ikarekebishwa hadi ikakaa sawa, ikakazwa kwenye mbao kupitia vibati vyake vya kiwandani. Bati la mashine lenyewe halitobolewi, kwa sababu nyuma yake kuna nyaya na mipira.

Mzazi uliye katika hali kama hiyo, kuna mengine ya kuangalia.

Anza na umeme. Mashine nyingi hula kama wati 2,000 zinapochemsha maji. Ekstensheni nyembamba hupata moto, na ikiwa sakafuni karibu na maji ni hatari zaidi. Mwite fundi aweke soketi yake yenye waya wa ethi, pembeni, mahali ambapo maji yakivuja hayafiki.

Mpira wa maji machafu uinuliwe hadi karibu na kimo cha sinki na ufungwe hapo kabla ya kushuka. Ukilala chini, maji machafu yanaweza kurudi kwenye vyombo. Maji ya kuingia nayo yawe na nguvu. Tanki lililo mita 10 juu ya bomba hutoa baa 1 tu, na mashine nyingi hutaka angalau baa 0.3 hadi 0.5. Tanki la juu ya paa la nyumba ya chini laweza lisifikishe.

Kama mashine yako ni ya kuvalishwa ubao wa kabati mbele, kumbuka springi za mlango zimepangwa kubeba ubao huo. Bila ubao, mlango unaweza kuruka na kujifunga ghafla. Ushike kwa mkono, na vidole vya mtoto viwe mbali. Vuta kapu moja kwa wakati. Visu viingie ncha zikiwa chini.

Kubwa kuliko yote ni sabuni. Ya mashine ni kali kuliko ya kuoshea kwa mikono, huunguza mdomo na koo, na vidonge vyake vyenye rangi hufanana na pipi. Nyumba isiyo na makabati haina pa kuificha, kwa hiyo pigilia rafu ya juu au ifungie chumbani. Mtoto akiimeza, msafishe mdomo kwa maji, usimtapishe, mkimbize hospitali na pakiti yake.

Seremala alikuja baada ya miezi mitatu, akayajenga makabati kuzunguka lile zizi. Mikono ya mama haijapona kabisa, ila haitoi damu tena. Bibi siku hizi ndiye anayewasha mashine kila usiku. Kikombe chake cha chai, hata hivyo, bado anakiosha mwenyewe.