Mbeta na Chungu

Mvua zinapoinywesha ardhi ya Iringa, mianzi ya ulanzi huchipua, na mgema huiendea asubuhi na jioni. Hukata ncha ya chipukizi, kisha huning'iniza mbeta, yaani kipande cha mwanzi mkavu, ikinge utomvu. Kinywaji kikiwa bado kitamu huitwa mtogwa. Kikishachacha na kuwa kikali huitwa mkangafu. Mgeni atokaye visiwani hapati taabu kuielewa kazi hii, kwani ameiona kileleni mwa mnazi. Linalomshangaza ni kwamba huku mmea mmoja hutoa kinywaji na chombo chake.

Akiifuata barabara kuu hadi Mbeya, kisha akateremka Rungwe mpaka Kyela, kinywaji hubadilika na chombo hubadilika. Wanyakyusa wana kimpumu, pombe ya nafaka ambayo wanywaji huizunguka, kila mmoja na mrija wake. Na vyungu vya huko vina kwao: ni Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambako wanawake wa Kikisi hufinyanga udongo kwa mikono, kazi yao ikasafirishwa kwa mitumbwi hadi gulio la Matema.

Siku hizi, katika miji mikubwa ya ulimwengu, baa za vileo vya kuchanganywa hujinadi kwamba zimeshirikiana na wasanii na wabunifu: huyu kachora ukuta, yule kabuni bilauri. Habari hiyo hupokewa kama jambo jipya. Lakini vilabu vya pombe vya Nyanda za Juu Kusini vimeishi na ushirika huo tangu zamani, kwa kuwa pombe haikuweza kumfikia mnywaji pasipo mkono wa mchonga mwanzi au wa mfinyanzi.

Hata hivyo, ushirika huo una doa lake. Wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Juu ya mfinyanzi hawakuona haja ya kuonya, kwani nani aliyemsifu? Chungu husifiwa kwa jina la soko lilikonunuliwa, na jina la mama aliyekifinyanga hubaki ufukweni. Ndiyo maana ndoo ya plastiki ilipoingia kilabuni hapakuwa na kilio. Msanii aliachishwa kazi bila hata kuambiwa, maana hakuna aliyekuwa amemhesabu kuwa kazini.

Iringa mjini pamepatikana jibu moja, nalo halikutoka katika pombe bali katika chai na kahawa. Mwaka 2003, Susie Hart, msanii kutoka Uingereza, alianzisha Neema Crafts chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Walianza vijana 3 viziwi, wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Baadaye karakana iliongeza ufumaji na kazi nyingine za mikono, na ukafunguliwa mkahawa ambao wahudumu wake walikuwa viziwi. Mteja aliandika alichotaka kwenye karatasi, au alijaribu ishara. Aliyezoea kuagiza kwa sauti alijikuta yeye ndiye asiyejua lugha, na aliyezoea kupuuzwa mitaani akawa mwalimu wake. Na karakana ilikuwa papo hapo: mnywaji aliweza kuinuka mezani akaenda kuitazama mikono yenyewe ikifanya kazi.

Naam, hapo ndipo penye funzo. Ushirikiano wa mwenye baa na msanii haupimwi kwa uzuri wa ukuta. Hupimwa kwa maswali mawili: nani anaonekana, na nani analipwa? Mwenye kilabu wa Mbeya au Iringa atakaye kuwaita wasanii hana haja ya kuagiza rangi kutoka mbali. Na aanze na mbeta, na chungu cha Ikombe, na kikapu cha milulu kilichosukwa na akina mama wa Kihehe. Alipe bei aliyoitaja msanii mwenyewe, na jina lake alitangaze waziwazi kama atangazavyo bei ya kinywaji.

Ulanzi utarudi na mvua zijazo, kama ilivyo desturi yake. Mfinyanzi aliyekwisha kuacha udongo hana msimu wa kurudi.