Jicho Lililotangulia Kisu

Ndugu wasomaji, khasa nyinyi wazazi wenye watoto wadogo, leo sikuja kuwapa mawaidha. Nimekuja kuungama kosa langu, kisha niwaeleze neema moja ya zama zetu ambayo wengi wetu twaiogopa kwa kutoijua.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha Qur'ani. Umri wangu umepindukia miaka 50, na skuli nilisoma ile ya msingi tu. Mwaka uliopita, baada ya sala ya Alasiri, mwanafunzi wangu mmoja wa miaka 11 alipanda mwembe ulio nyuma ya chuo, akaanguka. Kichwa chake kiligonga jiwe upande wa kulia, juu kidogo ya sikio. Alizimia kitambo kidogo, kisha akainuka, akacheka na wenziwe, na hata sehemu yake ya siku ile akanisomea bila ya kukosa. Nikamkanda kwa maji baridi, nikamrejesha kwao, nikamwambia mama yake, "Mwache alale, usingizi utamtoa maumivu."

Baada ya Magharibi mama yule alinijia mbio. "Maalim, mwanangu ametapika mara mbili, na huu si usingizi wake. Namwamsha, haamki sawasawa." Nami, badala ya kumsikiliza, nikamwambia asubiri hadi asubuhi. Akanijibu kwa adabu, "Niwie radhi, Maalim, kwa hili sitakutii," akaenda kutafuta gari. Nikamfuata, nusu kwa huruma na nusu kwa haya.

Hospitalini daktari alimulika macho ya mtoto, akaona mboni ya kulia imepanuka kuliko ya kushoto. Papo hapo akaagiza apigwe picha ya kichwa kwa mashine ya siti skani. Mimi nikaingilia kati: "Damu haitoki, mfupa haukubonyea, picha ya nini? Na miale ile haitamdhuru?" Akanijibu, "Mzee wangu, miale ina madhara yake, walakin ni madogo kuliko kupasua nisipopajua, na madogo zaidi kuliko kungoja."

Kazi ile haikuchukua ila dakika chache. Mpasuaji akatuita, mimi na mama, akatuonyesha kwenye kioo. Mfupa wa fuvu ulikuwa duara jeupe, na ubongo ndani yake rangi ya kijivu. Upande wa kulia, baina ya mfupa na ubongo, palikuwa na kitu cheupe, kinene katikati na chembamba kwenye ncha, mfano wa punje ya dengu iliyobanwa ukutani. "Hii ni damu," akasema. "Mshipa ulio chini ya mfupa umepasuka. Ubongo unasukumwa upande wa pili. Ule uzima wa saa chache mliouona ndio hadaa ya maradhi haya."

Mtoto akatiwa nusukaputi, akafunguliwa fuvu mahali palepale picha ilipoonyesha, damu iliyoganda ikatolewa na mshipa ukazibwa. Alfajiri tuliambiwa kwamba anaishi. Leo ameketi mkekani pamoja na wenziwe, naye ana kovu chini ya kofia. Kila nilionapo nakumbuka kwamba lau mama yake angalinitii, tungalikuwa na khabari nyingine.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza na kusoma juu ya picha hizi, nami nataka mjue machache niliyoyapata.

Zaidi ya miaka 1000 iliyopita, tabibu mashuhuri wa Andalus, Abul-Qasim al-Zahrawi, aliandika juu ya upasuaji na kuchora vyombo vyake vya kazi. Alionya kwamba mpasuaji asiyejua viungo vya mwili na mahali pake huua watu. Maneno yake ni kweli hata leo. Walakin ilimu hiyo ilimjulisha mpasuaji miili ya watu wote kwa jumla. Haikuweza kumwonyesha ndani ya mgonjwa aliyelala mbele yake.

Mlango ulifunguka tarehe 8 Novemba 1895, pale Wilhelm Conrad Röntgen, profesa wa Würzburg katika nchi ya Ujerumani, alipogundua miale isiyoonekana inayopenya nyama na kuzuiliwa na mfupa. Ndiyo hii eksirei. Miezi michache haikupita ila daktari John Hall-Edwards wa Birmingham, Uingereza, alipiga picha iliyomwongoza mpasuaji katika kazi yake, mwezi wa Februari 1896.

Hata hivyo, eksirei ya kawaida yaonyesha mfupa vizuri, na ubongo ulio ndani yake haiupambanui. Kwa hivyo mtoto kama huyu wangu, katika siku za wazee wetu, aghalabu alitobolewa fuvu hapa na pale, mpasuaji akiitafuta damu kwa kukisia. Godfrey Hounsfield, mhandisi wa Kiingereza, alitengeneza mashine ambayo miale yake hukizunguka kichwa na kukipiga kutoka pande nyingi, kisha kompyuta hufanya hisabu na kukionyesha kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo mjini London tarehe 1 Oktoba 1971. Mwaka 1979 Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kuifikiria hisabu hiyo alipokuwa Cape Town. Basi bara letu nalo lina sehemu yake katika ilimu iliyomwokoa mtoto wetu.

Walakin msinifahamu vibaya. Picha ni shahidi. Haiponyi, na shahidi haitwi pasipo na kesi. Hall-Edwards mwenyewe alidhurika kwa miale aliyoizoea bila ya kinga, hata mwaka 1908 mkono wake wa kushoto ukakatwa. Siku hizi kiasi cha miale hupimwa kwa uangalifu, na mwanamke mwenye mimba hana budi kumwarifu daktari kabla ya kupigwa. Ziko pia picha zisizotumia miale hiyo, kama ultrasaundi, itumiayo mawimbi ya sauti. Ipi itumike na lini, hilo ni la daktari kuamua, si la mgonjwa kushurutisha wala la mwalimu wa chuo kukataza.

Sisi walimu huwafunza watoto kwamba mtu asihukumu kabla ya kuthibitisha. Mimi nilihukumu kwa kutazama ngozi ya kichwa tu. Sasa katika chuo changu iko kanuni: mtoto akigonga kichwa akazimia, hata akiinuka na kucheka, hupelekwa hospitali siku ileile. Kadhalika akitapika, au kichwa kikizidi kumuuma, au usingizi ukawa mzito usio wa kawaida yake. Na mama akisema, "Huu si usingizi wa mwanangu," asiambiwe asubiri. Yeye ndiye aliyeona kwanza, kabla ya mashine.

Wabillahi tawfiq.