Kumsaidia Anayekufa

Kiswahili kina staha kubwa kinapokitaja kifo. Mtu hufariki, huaga dunia, huitika wito, hurejea kwa Mola wake. Hata hivyo, katika msamiati huo mpana mfasiri hapati neno lililo tayari kwa jambo ambalo baadhi ya nchi zimelitungia sheria na wasanii wao wamelitengenezea filamu: mgonjwa asiyetarajia kupona kupewa dawa ya kuumaliza uhai wake kwa ridhaa yake mwenyewe. Tukisema "kujiua", tumekwisha kumhukumu. Tukisema "kuuawa", tumemhukumu aliyempa dawa.

Nimezitazama baadhi ya filamu hizo za makala hapa Sumbawanga, katika usiku wa kipupwe, wakati upepo wa uwanda wa Ufipa unapomlazimisha kila mtu kujifungia ndani. Hazitazamiki kwa wepesi. Mwaka 2011 BBC ilionyesha filamu ya mwandishi wa riwaya Terry Pratchett, ambaye mwaka 2007 alikuwa ameambiwa kuwa ana ugonjwa wa Alzheimer, ule unaofuta kumbukumbu. Ndani yake tunamwona Peter Smedley, Mwingereza aliyepatwa na ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli, akisafiri hadi Uswisi kwa jumuiya ya Dignitas, iliyoanzishwa mwaka 1998. Kamera imo chumbani. Mzee anakunywa dawa, anaomba maji, analala, mkewe yu kando yake. Pratchett mwenyewe hakuifuata njia hiyo. Alifariki nyumbani kwake mwaka 2015 kwa maradhi yake.

Mwaka huohuo wa 2011 ilitoka filamu ya Peter Richardson kuhusu jimbo la Oregon, Marekani, ambako sheria ya namna hiyo ilipigiwa kura mwaka 1994 na kuanza kutumika mwaka 1997. Anayefuatwa zaidi ni Cody Curtis, mama mwenye saratani ya ini. Siku yake ya mwisho kamera inabaki nje ya nyumba. Tunaachiwa dirisha na sauti.

Nimejiuliza mtazamaji ameketi wapi. Huku kwetu kila aendaye msibani anapajua mahali pake: wanawake ndani, wanaume nje penye moto, na watani popote wapendapo, maana wao wana ruhusa ya kuchekesha hata penye machozi. Mtazamaji wa filamu hana mahali. Hakuteka maji, hakupika, hakushika jembe la kaburi. Ameonyeshwa siri kubwa ya mtu bila ya kutoa chochote, na filamu inapokwisha hubaki na deni.

Deni langu ni la zamani kuliko filamu hizo. Kaka yangu mkubwa alifariki kwa saratani ya koo katika kijiji cha uwanda huu. Zahanati tuliyoitegemea ilikuwa na vidonge vya homa, basi. Jina la Sumbawanga husemwa kuwa ni agizo: sumba, yaani tupa, wanga, yaani uchawi. Lakini maumivu yalipozidi, watu waliuliza ni nani aliyemtenda, si nini cha kumtuliza. Usiku mmoja aliniambia, "Mdogo wangu, nisaidie." Hakufafanua, na adabu haikuniruhusu kumhoji mkubwa wangu. Nilimgeuza ubavu, nikamlowesha midomo kwa pamba.

Nikilipima neno lake kwa mizani ya mfasiri, naona lilibeba maombi mawili. Kumsaidia mtu kufa ni jambo moja. Kumsaidia mtu anayekufa ni jingine. Kwa la kwanza Kanuni ya Adhabu ya Tanzania imekwisha kujibu: anayemsaidia mwenziwe kujiua aweza kufungwa maisha. Misikiti na makanisa yetu yamejibu vivyo hivyo, nami sibishani nayo. Hofu yangu ni kwamba "hapana" hiyo tumeigeuza kuwa jibu la ombi la pili pia. Smedley hakukosa dawa wala daktari. Alichagua, na hoja yangu haimjibu yeye. Kaka yangu hakuwa na cha kuchagua. Mtu ambaye maumivu yake hayajatulizwa akiomba kufa, nani atajua kama anaomba mauti au anaomba maumivu yakome?

Ombi hilo la pili lina majibu, tena ya karibu. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Unga wa mofini huchanganywa na maji, ukawa dawa ya bei nafuu ambayo mgonjwa huinywa kitandani kwake. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika dawa hiyo. Kwetu, mofini ya maji imetolewa kwa miaka mingi katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Lakini kutoka Sumbawanga hadi huko ni zaidi ya kilomita 1,000, na mtu mwenye saratani ya koo hawezi kuzihesabu.

Mji huu una hospitali yenye jina la Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomea tiba Malta, akafika Karema ukingoni mwa Ziwa Tanganyika mwaka 1889. Huko aliwahudumia wagonjwa hadi alipofariki mwaka 1956. Dawa nyingi tulizo nazo leo hakuwa nazo.

Lugha yetu ina kitenzi "kuuguza". Kwa umbo lake ni kumfanya mtu augue. Kwa maana yake ni kukaa naye katika ugonjwa wake. Ina pia "kufiwa", kitenzi kinachomtia aliye hai ndani ya kifo cha mwenziwe. Neno la kigeni nimelifasiri "kusaidiwa kufa", nalo litajadiliwa na wenye elimu kunishinda. Kuuguza hakungoji mjadala. Kunangoja chupa ya mofini ifike hadi zahanati ya kijiji cha mwisho, na mtu wa kuishika.