Kuvuka Mkondo wa Pemba na Chaneli 16

Tuling'oa nanga Tanga alfajiri, maji yakiwa yamejaa, katika boti ya mbao iliyopakia saruji. Mbele yetu kulikuwa na Mkondo wa Pemba, kilomita 70 hivi hadi Wete, nami nilikuwa sijawahi kuuvuka. Nilipomwamkia nahodha aliitikia marahaba, kisha akanisogezea dumu la kukalia ndani ya kibanda cha usukani. "Kaa hapa mwanangu, jua la huko nje utaliweza saa hizi tu."

Hapo ndipo nilipokuwa jirani na redio. Kilikuwa kisanduku cheusi kilichofungwa darini kwa skrubu mbili, kioo chake kikionyesha namba 16, na kipaza sauti kikining'inia kwenye waya uliojikunja. Chaneli 16 ya VHF, megahezi 156.8, ndiyo ya kuitana na ya kuomba msaada katika bahari zote za dunia. Ukishampata unayemtaka mnahamia chaneli nyingine, tuseme 72, ili 16 ibaki wazi kwa mwenye shida. Mabaharia wetu walilishika hilo barabara, na nilifurahi kuliona.

Nilimuuliza nahodha redio yake inafika wapi. Nilitegemea anitajie nguvu yake, maana pembeni paliandikwa wati 25. Yeye akanigeuza nitazame tulikotoka.

Tulikuwa tumeshakipita kisiwa cha Ulenge na mnara wake wa taa, na pwani ya Tanga ilikuwa inazama. Mchanga na mikoko vilikwisha kupotea. Mashina ya minazi nayo yakapotea, makuti yakabaki yanaelea juu ya maji kwa muda, kisha nayo yakaenda. Lakini milima ya Usambara, ambayo iko mbali zaidi bara, ilikuwa imesimama vilevile, rangi ya buluu. "Kirefu ndicho kinachoonekana," akasema. "Na redio ni hivyohivyo. Haitazami ukali wa sauti yako, inatazama umesimama juu kiasi gani."

Amesema kweli tupu. Mawimbi ya VHF husafiri karibu moja kwa moja, na dunia ni mviringo, kwa hiyo aliye nyuma ya upeo hayapati. Hewa huyapinda kidogo, ndiyo maana yanafika mbele kidogo ya pale jicho linapoishia. Hesabu yake mtu aweza kuifanya kwenye karatasi ya sigara: chukua kimo cha antena juu ya maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1, utapata kilomita. Fanya hivyo kwa antena ya mwenzako pia, kisha jumlisha. Antena yetu ilikuwa juu ya paa la kibanda, mita 4 kutoka majini, kwa hiyo upande wetu ni kilomita 8. Tukikutana na boti kama yetu, tutasikilizana kwa kilomita 16. Mnara wa mita 100 ufukweni ungetupata kwa kilomita 49. Lakini wavuvi wawili walioketi kwenye ngalawa, kila mmoja na redio ya mkononi iliyo mita 1 juu ya maji, hawavuki kilomita 8.

Ukibisha, tazama juu. Wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita 400 hivi kutoka ardhini, huzungumza na wanafunzi kwa redio za wati chache zenye masafa yaliyo jirani na haya ya baharini, na husikika, kwa kuwa hakuna kinachowakinga. Sisi na wati zetu 25 tulikuwa na kilima cha maji mbele yetu.

Katikati ya mkondo simu yangu ilikuwa haina mtandao wa upande wowote. Redio ndipo ilipoanza kunifundisha. Meli ya shehena iliita Tanga, sauti safi kabisa, na sisi hatukuiona bado. Antena yake ilikuwa juu ya daraja refu, ikatufikia kabla ya macho yetu kuifikia. Majibu ya Tanga hatukuyasikia hata neno. Meli ilisema, ikanyamaza, ikasema tena, nasi tukawa tunabahatisha aliyejibu amesema nini. Nadhani kila abiria wa baharini angepaswa kusikiliza mazungumzo ya upande mmoja namna hiyo, angalau mara moja, apate kujua chombo chake kiko wapi hasa.

Kisha nahodha akamwita wakala wake wa Wete. Kimya. Akaita tena, kimya. Ikaitika mashua ya wavuvi iliyokuwa mbele yetu, karibu zaidi na Pemba: "Nimekupata nahodha, sema nimfikishie." Akampa saa ya kufika. Dakika chache baadaye mvuvi akarudi na jibu. Hata wito wa Mayday una utaratibu wa kupokezana hivi, chombo kilichousikia kikiupeleka kwa aliye nje ya upeo wa mwenye kuzama. Katika maji haya, ambako MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi usiku wa Septemba 2011 na kuua watu wengi mno, mtu anayeacha redio yake wazi kwenye 16 anafanya kazi ya heshima kubwa.

Redio yetu ilikuwa pia na kitufe chekundu chini ya kifuniko. Ukikibonyeza na kukishikilia, hutuma kwa chaneli 70 namba ya chombo yenye tarakimu tisa, pamoja na mahali kilipo kama GPS imeunganishwa. Nacho hakivuki ule upeo.

Tulipokikaribia kisiwa cha Fundo, wakala akajibu mwenyewe. Maji yanakupwa, akasema, msiingie sasa, ngojeni nje. Tukatia nanga. Nahodha akapanda juu ya paa, akafungua utepe mweusi chini ya antena, akanionyesha kiungo cha waya: shaba imeota kijani kwa chumvi. Akakikwangua kwa kisu mpaka kikang'aa, akakifunga upya. Halafu akamwita kijana wake amshikie kamba, wakapima kutoka redioni hadi ncha ya mlingoti, mita 9 juu ya maji. Huko upande wetu ungefika kilomita 12. Akamtuma kijana kuandika urefu wa waya wa kununua Wete.