Habari za Melaka

Mgeni, walisema wahenga, ni kuku mweupe. Ndivyo alivyojiona mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke wa Unguja, aliposhuka Melaka peke yake, bila mwenyeji wala mkalimani. Mji huu wa Malaysia umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2008, pamoja na George Town, kama ulivyomo Mji Mkongwe alikotoka.

Kilichomlaki kwanza ni wekundu wa majengo ya Waholanzi. Nyuma yake kuna kilima, na chini ya kilima limesimama lango la mawe lisilo na ukuta. Hilo ndilo baki la ngome ya A Famosa. Wareno waliuteka mji mwaka 1511, miaka 6 tu baada ya kuishambulia Kilwa na kuichoma moto Mombasa, wakaijenga ngome kwa mawe ya misikiti na ya makaburi ya masultani. Waholanzi waliwapokonya mwaka 1641. Waingereza wakaanza kuibomoa mwaka 1807. Mwalimu alisimama langoni kimya. Uchungu ule hakuhitaji kusimuliwa na mtu, aliuzaliwa nao.

Alipovuka mto akafika Jalan Tukang Emas, mtaa wa masonara, moyo ulianza kutua. Hapo hekalu la Kihindu na msikiti wa Kampung Kling ni majirani, na hekalu la Wachina la Cheng Hoon Teng li hatua chache mbele. Msikiti ulimduwaza: paa lapanda kwa tabaka tatu, hauna kuba, na mnara wake wafanana na pagoda. Macho yalisita, adhana ilipoanza, miguu haikusita.

Nje, muuza vitafunio alimwita: “Apa khabar, makcik?” Khabar ni habari ile ile. Na makcik, jina la heshima kwa mwanamke wa makamo, asili yake ni “mama mdogo”. Tangu atoke kwao hakuna aliyemwita kwa jina la ukoo. Alijibu, “Njema, mwanangu,” na kijana akacheka kana kwamba ameelewa.

Halikuwa jambo la ajabu. Mreno Tomé Pires, aliyeishi Melaka baada ya kutekwa kwake, aliwataja watu wa Kilwa na Malindi miongoni mwa waliofanya biashara mjini humo. Pepo za msimu zilibeba watu, bidhaa na maneno. Mizinga ilivunja kuta, maneno yakabaki vinywani.

Jioni aliketi kando ya mto akiiwaza pantun, ubeti wa Kimalay wenye mishororo minne: miwili ya kwanza huchora taswira, miwili ya pili hutoa maana. Alitoa daftari, akaandika miwili ya mwanzo, juu ya lango lisilo na ukuta. Miwili ya maana aliiacha wazi, akaitungie nyumbani, mbele ya bahari ile ile.